Kikombe chenye Uzi Mwekundu

Jeska aliponyamaza ndipo watu wa nyumbani kwa Dominiko walipojua kwamba mtoto anaumwa kweli. Kukohoa alikuwa amekohoa siku nyingi na hakuna aliyeshtuka, maana nyumba nzima ilikuwa inakohoa. Homa nayo ilikuja ikaenda ikarudi. Lakini Jeska, ambaye tangu ajue kusema hakuwahi kumwachia mtu amalize maneno yake, aliamka asubuhi moja akakaa mlangoni kimya, macho mekundu kama aliyeshinda kwenye moshi, midomo imevimba na kujaa malengelenge. Mama yake, Anisia, alimwuliza kama atakunywa uji. Mtoto akatikisa kichwa. Alipoulizwa kwa nini, alionyesha mdomo kwa kidole, na machozi yakamtoka bila sauti.

Bibi Dorotea, mama yake Dominiko, aliitwa aje kutazama. Alitazama kwa mbali, mikono nyuma, kama mtu anayetazama nyoka aliyekufa ambaye huenda hajafa.

"Huu ni ugonjwa wa mdomo," alisema. "Unaambukiza kwa kikombe."

"Umejuaje, mama?" Dominiko akauliza.

"Mdomo unagusa nini kama si kikombe?"

Bibi alichomoa uzi mwekundu kwenye sweta lake, akaufunga kwenye mkono wa kikombe cha bati ambacho Jeska alikuwa akikitumia, akafunga mwingine kwenye kijiko. Akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo mtu yeyote atakayekigusa kikombe chenye uzi asije kulia kwake. Katikati ya tangazo hilo kikohozi kilimshika, akakohoa juu ya chungu cha maharage ya watu wote mpaka kifuniko kikacheza. Nyani haoni kundule, na nyumba ile ilikuwa imejaa nyani watupu.

Ingekuwa wakati mwingine, Dominiko angepuuza. Lakini Jumamosi ile alikuwa anakwenda Mutaho, mkoa wa Gitega, kumtolea posa kijana wake Fredi. Binti mwenyewe, Adventina, alikuwa wa watu wanaojiheshimu, na msemaji wa ukoo wao alikuwa mzee Urbano, baba yake mkubwa, mtu ambaye hata mbuzi wake walisemekana kutembea kwa utaratibu. Dominiko alikuwa amekulia kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania. Alirudi kwao Burundi, Butihinda mkoa wa Muyinga, na mke, watoto, mama yake na Kiswahili cha hotuba. Kwa upande wa kijana msemaji alikuwa yeye mwenyewe, baada ya kuwakataa wote waliopendekezwa. Usiku alijifunza maneno yake akiwa amelala chali, na Anisia aliyajua yote bila kutaka.

Majuma machache nyuma mzee Urbano alikuwa amekuja Butihinda kuona binti yao ataolewa mahali gani. Alipewa kitanda kizuri, kuku na chungu cha pombe ya mtama. Alikohoa alipoingia, alikohoa alipokula, alikohoa alipokuwa anaeleza jinsi ukoo wao usivyokuwa na magonjwa.

"Ni vumbi ya Muyinga," alisema kila mara. "Kwetu Mutaho hakuna vumbi kama hii."

Kwenye chungu alivuta pombe kwa mrija, akakohoa kwa nguvu zake zote, kisha akampa Dominiko mrija uleule. Dominiko aliupokea kwa mikono miwili. Asiyepokea mrija wa mwenzake anamwambia hadharani kwamba ni mchawi, na nani atamwita mkwe mchawi kabla ya posa? Mrija ukazunguka. Jeska hakunywa, ni mtoto, lakini aliwekwa miguuni pa mgeni asikilize hadithi zake, kwa sababu mzee Urbano hakupenda kusema bila mtu wa kumtazama. Alisikiliza kwa siku zote za ugeni, uso wake ukiwa chini kidogo ya kile kikohozi.

Sasa mtoto alikuwa na mdomo wa kutisha, na Dominiko aliwaza jambo moja tu, kwamba Mutaho wasijue.

*

Aliyeitwa kwanza alikuwa Simoni, mkata vimeo. Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia kooni, na kwa maoni ya bibi Dorotea hakuna kikohozi wala kidonda cha mtoto ambacho hakikuanzia hapo. Simoni alifika na vifaa vyake ndani ya kopo la tumbaku: waya, kisu kilichopinda, na kitambaa ambacho zamani kilikuwa cheupe. Anisia alikitazama kile kitambaa, akamvuta Jeska karibu yake.

"Fungua mdomo, mjukuu," Simoni alisema.

Jeska hakufungua. Midomo ilikuwa imegandamana kwa vidonda, na hata kama angetaka, isingefunguka zaidi ya upana wa punje ya mchele. Simoni akamwonyesha pipi. Jeska akaitazama kwa majonzi makubwa, akaweka mkono mdomoni. Simoni akamtekenya. Akamsimulia hadithi ya mbuzi aliyekwenda kuungama kwa padri, hadithi ambayo bibi Dorotea alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akashika ukuta. Jeska alicheka kwa mabega tu.

Mwishowe Simoni alirudisha waya wake koponi. "Mimi siwezi kukata nisichokiona," alisema, na ni lazima tumpe heshima yake, maana wengi katika kazi hiyo wangejaribu. "Akifungua mniite."

"Hatafungua," Anisia akasema. "Kesho tunakwenda hospitali."

"Jumamosi tuna Mutaho," Dominiko akamkumbusha.

"Najua Jumamosi tuna nini. Mtoto hajanywa kitu tangu jana, baba Fredi. Hata kukojoa anakojoa akilia. Wewe unaniambia Mutaho."

Alimpenda binti yake, hilo lisiwe na shaka. Alikuwa tu mmoja wa wale watu ambao hofu ya kuaibika huwafikia kwanza, na hofu nyingine zote hufuata nyuma kwa miguu. Safari hii ile ya pili ilifika upesi, kwa sababu alipomnyanyua Jeska kumpeleka ndani alimwona mwepesi.

*

Hospitali ya Muyinga walimlaza usiku mmoja, wakamtundikia dripu, wakasema macho hayo yanataka mtaalamu na kifua kinataka picha, aende Gitega. Walipanda gari la Houssein, kijana mpole aliyekuwa na abiria wakali. Abiria walipouona mdomo wa Jeska walidai akae mbele peke yake, dirisha wazi, asipumuliane na watu. Kwa hiyo mtoto alisafiri kama mkuu wa mkoa, na wale werevu walijibana nyuma pamoja na bibi Dorotea, aliyekataa kubaki nyumbani na aliyewakoholea shingoni tangu Muyinga hadi Gitega.

Mapokezi kulikuwa na foleni mbili, moja ya kulipa na nyingine ya watoto walio chini ya miaka mitano, ambao serikali inawatibu bure. Dominiko alizitazama zote mbili. Kisha akashika ile ya bure, akimweka Jeska begani ili miguu yake isionekane urefu.

"Mtoto ana miaka mingapi?" mwandishi wa mapokezi akauliza.

"Minne," Dominiko akasema. "Ni mkubwa kwa asili. Kwetu tuko hivyo."

Mwandishi akainua macho. Jeska, ambaye hakuweza kusema lakini masikio yake yalikuwa mazima, alitoa mkono mmoja kwenye shuka akaonyesha vidole vitano. Halafu akatoa mkono wa pili, akaongeza vitatu, akavishikilia hewani mpaka mwandishi alipovihesabu vizuri. Watu wa foleni walicheka. Dominiko alihamia foleni ya pili akiwa na jasho mgongoni, na Anisia, aliyekuwa hajacheka tangu vidonda vianze, aligeukia ukuta kuficha kicheko.

Daktari aliitwa Elyse, Mkongomani wa upande wa Uvira, mwanamke mfupi mwenye sauti ya sokoni. Alimtazama Jeska macho, midomo, mashavu kwa ndani kadiri mwanga ulivyopita, kisha mikono, ambako kulikuwa na mabaka mekundu ya mviringo yenye kiini katikati.

"Mama, huyu mutoto alianza na nini? Kukohola ama vidonda?"

"Kukohoa, daktari. Vidonda vilikuja baadaye."

"Na mbele ya vidonda, mulikuwa mumemupa dawa yoyote? Dawa zingine zinaweza kuchoma mutoto hivi hivi."

"Asali tu."

"Asali haina kosa," daktari akasema, akampeleka mtoto kwenye picha ya kifua.

Picha iliporudi aliishika kwenye dirisha, akawaonyesha wingu jeupe upande mmoja wa pafu. Wote watatu waliitikia kwa kichwa kama watu waliokuwa wanalitarajia.

"Iko na microbe, kadudu kadogo, mu kifua," alisema. "Kwa batoto wengi inabakia kikohozi tu, inapita. Kwa bamoja bamoja, mwili inakasirika zaidi. Inapiga microbe, inajipiga na yenyewe. Njo midomo inapasuka, macho inakuwa nyekundu, hata chini kule inachoma. Ni kama mulevi mu bar. Anatafuta adui, anavunja meza yake mwenyewe."

"Atapona?" Anisia akauliza.

"Atapona, mama. Tutamupa dawa ya kifua, dawa ya macho ili yasishikane, na mafuta ya midomo. Kitu ninaogopa ni moja. Asipokunywa atakauka. Dripu ni ya muda tu. Siku atakunywa peke yake, siku ile njo mutarudi kwenu."

Bibi Dorotea akajongea. "Na kikombe, daktari? Kikombe chake tumekitenga."

"Munakitenga kwa nini? Vidonda haviambukize na kikombe. Kitu inaambukiza ni kikohozi. Nani mwingine anakohola mu nyumba?"

Dominiko alibana pumzi. Bibi Dorotea alikaza midomo na kutazama picha ya kifua kwa bidii, mashavu yakijaa, macho yakilowa, mshipa wa shingo ukisimama. Alijitahidi kuliko umri wake ulivyoruhusu. Kisha kikamtoka chote kwa mara moja, kikaamsha na cha Dominiko, na cha Anisia, mpaka daktari akajifunika pua kwa kiwiko.

"Sawa," alisema. "Na wa kwanza alikuwa nani?"

Walitazamana. Jina walilijua wote. Lakini lilikuwa jina la mkwe, na Jumamosi ilikuwa kesho kutwa.

"Vumbi," Dominiko akajibu.

*

Maneno hayahitaji gari la Houssein. Kesho yake asubuhi mzee Urbano alisimama mlangoni mwa wodi, koti limenyooshwa, kitambaa puani, asiingie wala asitoke. Mtu wa Mutaho aliyekuja kumwona mgonjwa wake alikuwa ameona mdomo wa Jeska, akaupeleka nyumbani kwa simu, na ukafika ukiwa mkubwa zaidi.

"Mi sina neno mbaya na nyinyi," mzee Urbano alianza. "Adventina analia, Fredi tunamupenda. Lakini ugonjwa ya mdomo, donc, si kitu ya kucheza. Kwetu tunakunywa pamoja, chungu iko moja. Watu iko naogopa."

"Ni haki yao, mzee," Dominiko akasema.

"Alors, Jumamosi tunaiacha. Tutapanga ingine. Na siku ile mukija na mtoto, tutamuwekea kiti yake, nyuma, pahali pazuri. Aje na kikombe yake."

Anisia alifungua kinywa. Dominiko alimkanyaga mguu, si kwa nguvu, kiasi cha kuomba. Na Jeska, kitandani, macho yake yaliyopakwa dawa yakimwangalia yule mzee aliyemsimulia hadithi, alivuta shuka mpaka kwenye pua akajifunika mdomo.

Mzee Urbano alitaka kuongeza neno la heri, lakini kikohozi kilimshika. Kilikuwa kilekile cha Butihinda, sasa kimekomaa, kikianzia kwenye magoti. Mlango wa chumba cha pili ukafunguka.

"Nani anakohola hivyo?" Daktari Elyse akauliza.

"Ni vumbi," mzee Urbano akasema. "Vumbi ya Muyinga."

"Uko Gitega, muzee. Unakohola toka lini?"

"Kitambo kidogo tu. Tangu mavuno."

"Njoo huku."

Mzee Urbano alikwenda kwa hiari, maana alidhani anapelekwa kupewa kiti. Alipitishwa mbele ya foleni, jambo lililomfurahisha. Alivuliwa koti na kusimamishwa mbele ya mashine ya picha, na aliuliza kama atafunga vifungo vya shati ili atoke vizuri. Anisia alikuwa ameketi ukumbini akiosha kijiko wakati aliporudi. Mkononi alishika boksi dogo la dawa lenye mstari wa buluu, sawasawa na lile lililokuwa juu ya kabati la Jeska, ila la kwake lilikuwa la vidonge. Alipomwona Anisia alilitia ndani ya koti.

"Daktari anasema nini, mzee?" Anisia akamwuliza kwa adabu zote.

"Anasema nina kifua ya nguvu," mzee Urbano akajibu, akaenda zake Mutaho.

*

Midomo ya Jeska ilianza kunywea. Magamba yalidondoka, macho yakafunguka, homa ikakata. Lakini mtoto hakunywa. Walimletea maji katika kikombe cha hospitali, akageuza uso. Walimletea maziwa ya vuguvugu, akageuza uso. Daktari alimchungulia kinywa, ambacho sasa kilifunguka nusu, akasema pamepoa vya kutosha na haoni sababu. Bibi Dorotea akaiona sababu: ni kimeo.

Anisia aliketi pembeni ya kitanda na kikombe mkononi. Alikuwa amechoka kiasi cha kutaka kumpiga mtoto anayempenda. "Jeska, mwanangu, mama yako atakufa wa kwanza. Kunywa. Kwani kikombe kina nini?"

Jeska alikitazama. Kisha akanyoosha kidole, akakizungusha kwenye mkono wa kile kikombe, mara moja, mara mbili, kama mtu anayefunga kitu. Anisia hakuelewa. Mtoto akarudia. Akaonyesha kikombe, akaonyesha kitanda cha jirani ambako mtoto mwingine alikuwa amelala, akafunika mdomo wake kwa viganja vyote viwili.

Hakikuwa na uzi. Kikombe cha hospitali hakikuwa na uzi mwekundu, na kesho mtu mwingine angekinywea.

Anisia alilia pale pale, hakutafuta ukuta. Aliona haya na hasira pamoja, kwa kuwa uzi ule ulifungwa mbele yake na yeye hakusema kitu. Alishika kile kikombe, akakipeleka kwenye midomo ya Jeska, akakigusisha taratibu, kisha akakinywea palepale palipoguswa. Akampa bibi Dorotea.

"Kunywa, mama."

Bibi alikitazama kikombe. Alimtazama mkwewe, ambaye katika miaka yote hajawahi kumwamuru jambo. Akanywa, tena funda kubwa, kwa kuwa alikuwa na kiu. Dominiko akanywa bila kuambiwa, kisha akabaki amekishika, asijue hotuba ipi inafaa hapo. Mara hii hakusema chochote, na lilikuwa jambo zuri zaidi alilopata kusema mwaka ule.

Jeska alikipokea. Alinywa kidogo, akakunja uso wote, akameza. Akanywa tena. Halafu sauti yake ikatoka, nzito, ya kukwaruza, ya kwanza tangu Butihinda.

"Bibi ametema humo," alisema.

*

Siku nyingine ya posa ilipofika, wote walikwenda Mutaho: Fredi na suti ya kuazima, Dominiko na maneno yake, bibi Dorotea na sweta lililopungua uzi, na Jeska, ambaye alikuwa anasema kwa ajili ya siku zote alizonyamaza. Midomoni lilibaki doa la waridi. Kwenye mkoba Anisia alikuwa na kile kikombe cha bati. Hawakuambiwa tena wakilete. Alikileta kwa hiari, na Dominiko hakumwuliza kwa nini.

Uwanja ulikuwa umefagiliwa, turubai limefungwa, chungu katikati na mirija imesimama ndani yake. Msichana wa kupokea wageni alimshika Jeska mkono. "Huyu anakaa kule," alisema, akionyesha kigoda kilichowekwa nyuma ya jiko, kati ya kuni na kuku. Mzee Urbano, ua limechomekwa kwenye koti, alitazama pembeni. Alikuwa amemeza vidonge vyake vyote na kubakiwa na mkia wa kikohozi tu. Lakini kuondoa kile kigoda kungemlazimu kueleza kwa nini, na hilo alishindwa.

Anisia hakubishana. Alikwenda nyuma ya jiko, akaketi yeye mwenyewe kwenye kigoda, akampakata mwanawe. Kiti cha mama wa bwana harusi kikabaki kitupu mbele ya watu wote.

"Tunaweza kuanza," mzee Urbano akasema. "Ila naona kiti iko bure. Mama ya kijana iko wapi?"

Dominiko alisimama. Alikuwa na maneno tayari kuhusu ng'ombe, mvua na mababu. Alitazama kiti kitupu, akatazama moshi wa jikoni, na maneno yote yakamkimbia.

"Amekaa na kuku," alisema.

Sasa, siku ya posa msemaji hakasirikiwi. Anaweza kusema ng'ombe wa mwenzake ni mbuzi aliyevaa vizuri, na wenyewe watacheka na kutafuta jibu. Dominiko alilikumbuka hilo kama anayezama akumbukavyo mzizi, akalishika.

"Mzee Urbano alipotutembelea Butihinda hakuja mikono mitupu," alisema kwa Kirundi chake cha kambini, na kila kilipokwama akakitia Kiswahili. "Alituletea sukari. Alituletea sabuni. Akatuletea na kikohozi. Sukari na sabuni aliviweka mezani, lakini kikohozi alitugawia mmoja mmoja, mtoto kwa mkubwa, asibague mtu."

Mwanamke mmoja wa Mutaho alicheka kabla hajajizuia.

"Sisi ni watu wa shukrani. Alitupa mrija, tukapokea, tukakohoa wote. Binti yangu alikohoa mpaka mwili ukajipiga wenyewe. Daktari wa Gitega amesema midomo yake haikumdhuru mtu. Yeye ndiye aliyedhuriwa. Mimi nimekulia nje, desturi nyingine sizijui, kwa hiyo nauliza tu nifundishwe. Hapa kwenu, aliyeleta hukaa mbele na ua kifuani, na aliyeletewa hukaa na kuku?"

Kicheko kilianzia kwa wanawake kikafika kwa wazee. Macho yote yalimgeukia mzee Urbano, ambaye alikuwa ulimi wa Mutaho na hakuwahi kukosa jibu. Alivuta pumzi ili alitoe, na pumzi ile ikauamsha ule mkia. Alikohoa. Alikohoa mpaka ua likadondoka, na hakuna jibu ambalo lingesema zaidi.

"Leteni kile kigoda mbele," bibi mmoja kizee akaamuru, na watu watatu waliinuka pamoja.

Anisia akaja akakaa kwenye kiti chake. Moyo wake ulikuwa mweupe, na alimtazama mumewe kama alivyomtazama zamani kambini, kabla hajaanza kuhutubia. Jeska hakukaa. Alitoa kikombe cha bati kwenye mkoba wa mama yake, kikiwa na uzi wake mwekundu, akakijaza maji ya ndizi matamu, akavuka uwanja hadi kwa mzee Urbano. Mwenye kumpa mtu kinywaji huonja kwanza, ijulikane hamna sumu. Hilo hata watoto wa kambini wanalijua. Jeska akaonja mbele ya Mutaho nzima, kwa midomo ileile, akakitoa kwa mikono miwili.

Mzee Urbano alikitazama kikombe, akautazama uzi. Aliwatazama watu wake, ambao hakuna hata mmoja aliyekuwa akicheka sasa. Kukataa kilichoonjwa ni kuwaita wakwe wachawi. Alikipokea kwa mikono miwili, akanywa mpaka chini.

"Asante, mjukuu," alisema.

"Uzi huo ni wako sasa, babu," Jeska akasema. "Na ukikohoa, uwe unafunika mdomo."

Mzee Urbano alifuta midomo, akaokota ua lake, akasimama wima aanze kuwajibu wakwe. Kikohozi kikamjia. Alimtazama Jeska, aliyekuwa bado amesimama mbele yake akingoja, akainua mkono, akafunika mdomo.